Uzi wa Papa Nassoro

Tukiwa ndani ya mtumbwi katikati ya mto, tukivuka kwenda Lubunga, fundi cherehani Nassoro alilalamika kwamba siku hizi anaona sindano mbili. Jemima, aliyeketi mbele yake, anasomea udaktari, na watu wa aina hiyo hawasubiri kuulizwa. "Papa, macho yako iko muzima. Ni bongo njo inayageuzaka ndani ukiangalia kitu ya karibu, na inje kwa kitu ya mbali. Yakikosea, inarekebisha. Bongo yako inashindwa kurekebisha. Iko mazoezi, lakini leo usishone."

"Nisishone?" Nassoro akapigapiga mfuko uliokuwa mapajani mwake. "Robe ya ndoa iko mu sakoshi hii, bibi-arusi anaivaa kesho! Nilishona ata ya mama yako, leo unatukana bongo yangu?"

"Bon, pitisha uzi tuone."

Mzee akatoa sindano kwa majivuno ya jogoo. Akachoma hewa kushoto, akachoma hewa kulia. Jemima akacheka bila adabu, nasi tukamsaidia.

"Ni mayi inatikisa pirogue!" Nassoro akafoka, akalamba uzi upya.

Mtumbwi ulikuwa umeshafungwa ng'ambo. Sote tulikuwa tumesimama mchangani, isipokuwa yeye.