Ratiba Ile Si Kazi Yake

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza dada yangu, mimi ni mdogo wake wa mwisho, fundi bomba. Nimepewa kusoma wasifu huu kwa sababu dada yetu mkubwa hulia kila akiishika karatasi. Mimi silii. Mimi nina hasira, na nasema mapema ili asiyetaka kunisikia asogee kivulini.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1962 katika nyumba namba sita ya makazi ya wafanyakazi wa reli, mtoto wa pili kati yetu watatu. Baba alikuwa mlinzi wa geti pale barabara inapokatana na reli. Treni ikipita, vikombe viligongana kabatini. Akiwa na miaka saba tayari alikuwa anaandika kwa mkaa, nyuma ya mlango wa jikoni, saa ambayo kila treni ilipita. Mama alifuta, yeye akaandika upya. Mwishowe mama alisalimu amri, akawa anamuuliza, "Nimpelekee baba yako chakula saa ngapi?" Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Ngoja ya mizigo ipite kwanza."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza 1981. Kwa hesabu alikuwa moto wa kuotea mbali. Mwaka 1983 aliingia chuo cha reli, darasa la watu thelathini na wanne, wanawake wawili tu. Mwalimu mmoja aliwaambia kwamba kupanga ratiba kunataka mtu mwenye kichwa kigumu. Dada yangu aliona hapo amefika nyumbani.

Tarehe 4 Februari 1985 aliajiriwa kuwa karani wa ratiba, na Januari 2003 akawa mpangaji mkuu. Kwa wasioijua kazi hiyo: reli yetu ni njia moja. Treni inayokwenda na inayorudi haziwezi kupishana popote zinapotaka. Hupishana kwenye vituo vichache vyenye njia ya pili, moja ikiisubiri nyingine. Dada alikuwa na karatasi ndefu kuliko meza ya watu kumi, vituo vimeandikwa ubavuni, saa zimeandikwa juu, na kila treni ni mstari mmoja wa penseli. Alijua kwa kuitazama tu kama reli ina nafasi ya treni nyingine au imejaa.

Lakini hakuanzia kwenye karatasi. Alianzia kituoni, saa ya kupimia muda shingoni, akihesabu watu wanavyoshuka. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Mzee mwenye gunia. Kituo cha kawaida alikipa sekunde arobaini na tano. Kituo cha hospitali alikipa sabini, kwa ajili ya wenye magongo. Na katika kila saa ya safari aliacha dakika nne tupu, ili treni moja ikichelewa isizicheleweshe zote. Alikwenda mwenyewe mpaka kwa watu wa mabasi, wakakubaliana basi lisiondoke kabla abiria wa treni hawajavuka barabara. Hakuna aliyemtuma. Wenzake walimwita Bi Sekunde, naye aliitika.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na dereva wa treni. Shemeji alikuwa ameingia ofisini kwake kugomba kwamba dakika alizopewa za kupanda kilima kimoja cha njiani hazitoshi. Dada hakubishana naye. Alipanda kwenye kichwa cha treni, akapima, akarudi akamwongezea dakika tatu. Tangu hapo shemeji hakuchelewa tena, ila kila siku alikuwa na jambo jingine la kulalamikia pale ofisini. Walijaliwa watoto wawili.

Sasa tufike pale.

Mwaka 2018 alikuja mkurugenzi mpya, akatangaza treni sita zaidi kila asubuhi. Hakuongeza njia, hakuongeza behewa hata moja. Dada alimwonyesha karatasi: hazienei. Mkurugenzi akasema zitaenea, ziondolewe zile dakika tupu na milango ifungwe baada ya sekunde ishirini.

"Mama, sekunde ishirini zinamtosha mtu yeyote mwenye miguu."

"Na mwenye gongo?"

"Huyo apande basi."

Dada aliweka penseli mezani, akakataa kutia sahihi. Na hapa niseme la kwangu, maana hasira hii siwagawii wengine tu. Nilikwenda kwake jioni ile nikamwambia, "Dada, tia sahihi yaishe. Bado miaka minne ustaafu, unajitafutia balaa ya nini?" Akaniuliza, "Wewe unaweza kufukia bomba unalojua litapasuka?" Nikamjibu kwamba nikishalipwa, nafukia. Alinitazama, akaniongezea chai. Kwa jibu langu lile sijajisamehe mpaka leo.

Tarehe 1 Oktoba 2018 alihamishiwa chumba cha mizigo iliyosahauliwa, akahesabu miavuli na viatu vya upande mmoja. Ratiba mpya ikabandikwa vituo vyote, na chini yake imeandikwa: imetayarishwa na mpangaji mkuu wa ratiba, halafu jina lake kamili. Karatasi ambayo hakuigusa. Walimbebesha zigo lao, wakanawa mikono.

Mnajua yaliyofuata, mlikuwa mle ndani. Treni ya kwanza ikichelewa dakika tano, ya jioni inachelewa saa nzima. Basi nalo limeambiwa liondoke kwa saa yake, watu wanaona mgongo wake tu. Jirani yetu mshonaji alimwaga unga kiwandani kwa kuchelewa mara tatu. Alikuja mlangoni kwa dada akamwambia, "Nimefukuzwa kwa karatasi yako." Dada hakujitetea. Alisema, "Ingia ndani kwanza, mama." Walikaa mpaka chai ikapoa, na mshonaji akatoka akiujua ukweli. Lakini huwezi kumwalika kila abiria chai. Watu walimtukana sokoni, walimtukana kwenye foleni ya benki. Aliandika barua tisa kuomba jina lake tu liondolewe. Alijibiwa moja: barua yako imepokelewa. Alistaafu tarehe 30 Juni 2022, jina likiwa bado ukutani.

Februari 2023 alianza kuugua moyo. Miguu ilivimba, akawa anatembelea gongo. Kila Jumanne tulikwenda kliniki kwa treni, maana hakukubali nimkodie gari. Jumanne moja tulifika kituo cha hospitali, mimi nikatangulia kushuka ili nimpokee. Hakuwahi. Mlango ulifungwa, dada yangu yuko ndani, gongo limetangulia nje mkononi mwangu, kanitazama kupitia kioo. Damu ilinichemka, nilitaka kukivunja. Alirudishwa na treni iliyofuata baada ya saa moja na nusu, daktari ameshaondoka. Nikadhani atalia. Alikuwa ameishika ile saa yake. Akasema, "Ishirini na mbili. Wamenizidishia mbili." Akacheka peke yake, maana mimi sikuweza.

Alifariki Jumapili, tarehe 11 Agosti 2024, saa nne asubuhi, hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Juzi ofisi ya reli ilileta shada la maua na aya moja ya kuingiza hapa. Inasema marehemu "atakumbukwa kwa kubuni ratiba ya kisasa inayotumika sasa." Ninayo mfukoni. Siiingizi kwenye wasifu huu. Mkiipita ile karatasi vituoni, mwambieni mtu wa pembeni yenu: hii si kazi yake, aliikataa, na aliadhibiwa kwa kuikataa.

Ameacha mume, binti muuguzi, mwana ambaye ni mwalimu, wajukuu watatu, dada yetu mkubwa, na mimi.

La mwisho. Katika ratiba ya mazishi mliyoshika, baada ya wasifu huu kuna nafasi tupu, dakika arobaini, kabla ya jeneza kushushwa. Wengi wameniuliza kama mpiga chapa alikosea. Mwakilishi wa ofisi ya reli, ambaye anakuja kwa gari, alinipigia jana kuuliza kama anaweza kuzitumia kwa hotuba yake. Nilimjibu hapana, zina wenyewe. Waliofanya kazi na dada zamani, madereva, wakata tiketi na yule jirani mshonaji wanakuja kwa treni. Karatasi ya kituoni inasema wamefika saa saba na nusu. Sote tunajua hawajafika. Wengine wana magongo, na kutoka kituoni wanatembea.

Tutawasubiri mpaka wa mwisho ashuke. Dada yetu na apumzike kwa amani, na leo asiharakishwe na mtu.