Historia ya Marehemu Presentación Lafuente, Aliyewajua Vipepeo wa Mwaloni Mfupi

Ndugu waombolezaji, mimi Visitación, mdogo wake marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea historia yake, nami nitaisoma yote, pamoja na yale ambayo padre ameniomba niyaruke.

Marehemu alizaliwa tarehe 21 Novemba 1941 hapa Peñarrasa, Aragón, akasoma shule ya kijiji hadi 1953, kisha akachunga mbuzi kwenye vichaka vya mialoni mifupi vya Mlima Solana kwa zaidi ya miaka sitini. Tarehe 14 Mei 1966 alifunga ndoa na marehemu Anselmo, mfuga nyuki, wakajaliwa binti mmoja, Orosia.

Huko machungani ndiko alikomjua kipepeo mdogo wa kahawia, ambaye hutua amefumba mabawa, na upande wa chini wa mabawa ana madoa mekundu yasiyo na ukingo mweusi, tofauti na mwenzake wa kawaida, ambaye ukingo anao. Mwaka 2021, wenye matrekta walipoutaka mlima waulime, tuliambiwa utaachwa endapo huyo asiye na ukingo, aliye adimu, yupo, na Daktari Eutimio Garcés wa makumbusho akaletwa kuamua. Akawachoma vipepeo pini, akawakunjua mabawa kama ilivyo desturi ya watu wa makumbusho, akatazama upande wa juu tu, ambako wote ni kahawia tupu.

“Mwanangu, si umgeuze umwone chini?” dada alimwambia.

“Bibi wee, nenda kakamue mbuzi wako!” akajibu, na baadhi yenu mlioketi hapa mlicheka. Akaandika kwamba ni wa kawaida. Ptuu! Machi 2022 mlima ukalimwa wote, na dada hakupanda tena huko.

Aprili 2023 alianza kuugua moyo, akafariki hospitalini tarehe 9 Juni. Jana imefika barua ya makumbusho: hatimaye wamewageuza, ni wale wale aliowasema dada, na mgunduzi ameandikwa Daktari Garcés. Nyie, watu wana macho makavu!

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea supu, na wachungaji wenzake. Nawe Daktari Garcés, uliyesimama pale nyuma na shada la maua, kaburini usiliweke. Lipeleke mlimani, ukatafute kichaka kimoja cha kuliegemeza.

Ulisema kweli, dada yangu. Pumzika.