Msimu Ulioendelea Bila Kiplagat

Mgeni rasmi, Dkt. Anitha, mjumbe wa Bodi ya chuo wanachosoma vijana wetu. Viongozi wa dini. Wazazi wenzetu wa Laurel, Columbia na Greenbelt, hapa Marekani:

KARIBU

Sisi wazazi kutoka Afrika Mashariki wenye vijana katika timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo chako tunakukaribisha kwa heshima. Tunajua umekuja kutupongeza kwa kombe. Tulipokaa kuandika risala hii, baadhi yetu tulitaka tukushukuru, tule pilau, tuagane. Lakini Mama Kiplagat, dada yetu Jeptoo, aliyeketi hapo mbele akiwa amevaa sare yake ya kazi, alisema, "Someni yaliyotokea. Nimechoka na pole za watu wanaonyamaza."

HISTORIA

Timu hii ilianza mwanzoni mwa karne iliyopita. Picha ya kikosi cha mwaka 1909 imetundikwa karibu na ofisi ya kocha: vijana wenye masweta mazito, wengi vichwa wazi. Maelezo yake yanasema mwenzao alivunjika shingo uwanjani akafa, nao wakakataa kumaliza msimu.

Jeptoo aliyasoma siku alipompeleka mwanawe kujiunga. Akamshika mkono, akamvuta warudi kwenye gari. Kiplagat alicheka, akamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hayo ni ya zamani. Siku hizi kuna helmeti na madaktari. Mama akamwachia mkono.

MAFANIKIO

Timu ilishinda mechi zake zote za mwisho na kuchukua kombe. Hongera kwa wachezaji.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, Jeptoo anahudumia wagonjwa katika nyumba ya kutunzia wazee, na Jumamosi huwa kazini. Siku moja ya Oktoba alipata ruhusa, akaja kumtazama mwanawe kwa mara ya kwanza. Hakuzijua sheria za mchezo. Alimwuliza kila aliyekaa karibu naye, "Sasa hapo tumefanya vizuri?"

Kiplagat aligongana na mtu kichwa kwa kichwa. Aliinuka, akaanza kutembea kuelekea benchi la wapinzani. Watu wakacheka. Jeptoo hakucheka; mwendo wa namna ile, wa mtu asiyejua aliko, anauona kazini kila siku. Alishuka ngazi mbio, mlinzi akamzuia kwenye uzio.

Godlisten, mtoto wa mwenzetu Cosmas, naye mchezaji, alikuwa kando ya Kiplagat. Alimsikia akisema, "Kocha, nakuona mara mbili." Kocha akamjibu, "Kunywa maji, urudi." Alirudi. Mpira ulipochezwa tena alianguka chini, na hakuinuka.

Jumamosi iliyofuata timu ilicheza. Kocha alisema wanacheza kwa heshima ya Kiplagat.

Taarifa ya chuo ilisema kijana huyo hakumweleza mtu yeyote kwamba anajisikia vibaya. Godlisten alikwenda ofisini, akaeleza alichosikia. Tangu hapo hakupangwa tena. Sisi wengine tuliwaambia watoto wetu wafunge midomo, wasije wakapoteza nafasi zao. Jeptoo alitupigia simu mmoja mmoja, akituomba tumuunge mkono. Tulimwambia tunamwombea.

Kiplagat sasa yuko nyumbani Laurel. Mama yake akitoka kuwaogesha wazee wa watu, anamwogesha yeye. Anamlisha uji kwa kijiko. Kijana anamshukuru kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru muuguzi asiyemfahamu. Jeptoo alimwambia, "Ni mimi, mama yako." Kijana akamtazama, akaomba radhi, akamwuliza, "Mama yangu atakuja lini?"

Madaktari wamemweleza asitarajie zaidi.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandaa maombi mengi. Jeptoo aliyafuta, akabakiza moja: chuo kiseme hadharani kwamba Kiplagat alisema anaumwa. "Mwanangu hakuficha," alituambia. "Alisema, wakamsikia."

Mgeni rasmi, ulipofika leo ulituarifu mlangoni kwamba jambo hili lipo kwa mawakili na huruhusiwi kulizungumzia. Tulimfikishia Jeptoo ujumbe wako. Alisema, "Sawa. Hata hivyo asomewe."

Tumekusomea.

Mungu akulinde barabarani, akufikishe salama, na utakapobisha hodi nyumbani kwako, watoto wako wakujue.

Imesomwa na Benadetha,
kwa niaba yetu sisi, Umoja wa Wazazi wa Wachezaji kutoka Afrika Mashariki, tuliochelewa kusema.