Mazoezi ya Asubuhi ya Mzee Fennimore

Kwenye basi la kwenda studio za filamu za Watford, karibu na London, mbele yangu, mzee Aubrey Fennimore, mwigizaji niliyemtazama kwenye filamu tangu utotoni, alikuwa akikariri maneno yake ya filamu mpya na bintiye Harriet.

"Baba, hayo ni ya filamu ya mwaka sabini na nne."

"Nikumbushe, mwanangu."

Alimkumbusha mara tatu. Wanangu hukariri haraka zaidi, ila sikucheka.

"Tumwambie mwongozaji leo kwamba unasahau," Harriet alisema.

"Ataiambia kampuni ya bima, nayo ikikataa kunikatia bima sina kazi. Funga mdomo wako!"

"Ukikwama mbele ya kamera je?"

"Nitanyamaza. Watadhani naigiza."

Harriet naye hakucheka. Basi likasimama kwenye geti la studio. Mzee akanyoosha tai, akashuka wima, kisha akamuuliza dereva hapa ni wapi.