Sefania Shechambo na Ukuta wa Mtandao wa Kwembaru

Tarehe 30 Juni 2025 Bwana Sefania Shechambo atakabidhi funguo za chumba namba nne, chumba cha mitambo ya mtandao, baada ya kuitumikia Hospitali ya Kwembaru kwa miaka thelathini na saba na miezi mitano. Wapo wauguzi wetu ambao hawajafikisha umri huo.

Alizaliwa Malindi ya huku kwetu milimani, si ile ya pwani, katika familia ya wakulima wa kabichi na viazi. Aliajiriwa tarehe 1 Februari 1988 kama mpokea simu, wakati hospitali nzima ilikuwa na laini mbili na ubao wa kuchomeka nyaya. Waliomkuta pale wanasema alimjua mpigaji kabla hajataja jina. Mtu wa Mombo, kule chini kwenye barabara kuu, alianza na shida yake moja kwa moja, kwa sababu basi lilikuwa linamsubiri. Mtu wa vijiji vya juu alisalimia kwanza, akauliza habari za nyumbani, za ng'ombe na za mvua, ndipo akasema mgonjwa ni nani. Sefania hakuwahi kumharakisha yeyote.

Kompyuta zilipokuja mwaka 2001, hospitali ilimpeleka Arusha kusoma kwa miezi sita. Alirudi na cheti, na sweta la kijivu ambalo amelivaa kila Julai hadi leo. Yeye ndiye aliyepitisha nyaya za mtandao darini kwa mikono yake, wodi kwa wodi. Mwaka 2016 alifunga kile ambacho wote tunakiita ukuta.

Kwa wageni wetu, ukuta ni kisanduku cheusi kinachotoshana na mkate mmoja. Kila kinachoingia au kutoka kwenye mtandao wa hospitali lazima kipite hapo. Siku hizi karibu programu zote hupita mlango mmoja, na maneno yao yamefungwa kama barua iliyogundishwa, kwa hiyo ukuta hauwezi kuyasoma. Sefania alitueleza kwenye kikao cha wafanyakazi jinsi unavyotambua nani ni nani. Kwanza husikiliza salamu. Kabla ya kufunga barua zake, programu hutaja inakokwenda na namna inavyotaka kuongea, na kila programu ina namna yake. Salamu isipojulikana, ukuta hutazama mwenendo. Simu ni vipande vidogo vinavyokwenda na kurudi kwa mwendo sawa. Barua pepe hutoka mara moja, kisha kimya. Filamu ni kama mto uliofurika, haikatiki.

"Ndiyo kazi niliyoifanya kwenye ubao wa simu," alisema, "ila huyu haombi likizo."

Laini yetu ni nyembamba, nayo ilikuwa ikijaa filamu na mpira wakati maabara wanasubiri majibu. Akafunga filamu na mpira kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Watu walinung'unika sana. Zuberi wa jikoni akapata programu ya kuuficha mpira ndani ya bahasha nyingine, akatulia. Baada ya wiki kadhaa Sefania alisimama mlangoni kwa Zuberi, akaegemea, akauliza, "Ngapi ngapi?"

Zuberi alikana. Sefania akamwambia kwamba kuna kitu kizito kinachoingia jikoni kila Jumamosi saa kumi, kinakatika baada ya dakika arobaini na tano, kinakaa kimya robo saa, kisha kinarudi tena. Robo saa hiyo, wachezaji wakiwa mapumziko, Zuberi alikuwa anakoroga maharage. "Mzee, umenikamata kwa maharage yangu mwenyewe," alisema, akamkaribisha chai.

Sasa naandika jambo ambalo Sefania mwenyewe ameniomba nisiliache. Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu alinifuata mapokezi ninakofanya kazi, akasema, "Mama Loveness, kama hutaandika lile kosa, basi utakuwa umemwandika mtu mwingine."

Ilikuwa Jumanne, tarehe 13 Februari mwaka jana. Mume wangu Alen aliletwa akiwa hawezi kulala chali wala kumaliza sentensi. Daktari Benjamini aligundua maji yamezunguka moyo wake. Njia zilikuwa mbili: kuyatoa kwa sindano hapa hapa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa peke yake, au kumteremsha kwa gari la wagonjwa kwenye kona zote zile hadi Mombo, kisha Moshi. Alitaka daktari bingwa aliyeko Moshi auone moyo ukipiga, ndipo aamue. Bingwa alikuwa anaingia chumba cha upasuaji saa kumi kamili, na saa nane ilikuwa imekwisha pita.

Hidaya wa ultrasaundi akachukua picha zinazotembea za moyo wa Alen, akazituma kwa programu ya siku zote. Hazikwenda. Alituma mara nne. Mtandao wa simu ulikuwa umekatika tangu mvua ya Jumapili, hivyo hatukuwa na njia nyingine.

Sefania aliitwa. Nilikuwa nimesimama kwenye korido, mlango uko wazi, nikisikia kila neno.

"Shechambo, zima huo ukuta," daktari alisema. "Zima wote."

"Nikizima wote, hospitali nzima itamiminika kwenye laini hii na picha zako zitakwama katikati. Nipe dakika kumi."

"Mgonjwa hana dakika kumi za kuchezea."

"Najua. Ni Alen."

Nakiri hapa, mbele yake na mbele yenu, kwamba nilimchukia. Nilimtazama akisoma mistari kwenye kioo cha kompyuta kana kwamba ana siku nzima. Kumbe alikuwa ameliona jambo. Programu ya picha ilikuwa imejisasisha yenyewe Jumatatu, na salamu yake mpya haikuwa kwenye orodha ya ukuta. Ukuta haukuitambua, ukageukia mwenendo, ukaona picha zinazotembea, nzito, zisizokatika. Ukasema hii ni filamu. Na filamu, kwa amri ya Sefania, mchana hazipiti.

Ila filamu huingia, na hii ilikuwa inatoka. Sefania alimwambia Hidaya kwa sauti ya chini, "Hakuna mtu anayetazama filamu kwa kuipeleka nje." Akahakikisha kwamba inatoka kwenye mashine moja tu, ya Hidaya, na inakwenda mahali pamoja tu, Moshi. Akaiandikia kanuni yake yenyewe, akaiweka juu ya zote. Dakika tisa. Picha zikaondoka.

Saa tisa na robo jibu likarudi: msimteremshe, toeni maji hapo hapo, nitakuwa nanyi kwa sauti hadi muda wangu uishe. Daktari Benjamini alichoma sindano bingwa akimwelekeza kwa simu ya mtandaoni, na saa kumi kasoro tano Alen aliomba maji ya kunywa.

Jioni ile Sefania alinikuta kwenye benchi la nje ya wodi. Mimi nilikuwa namshukuru Mungu kwamba mtandao umerudi. Angeweza kuniacha niendelee kuamini hivyo, maana ni watu wawili watatu tu waliojua.

"Mtandao haukuharibika, mama," alisema. "Aliyemzuia mumeo ni mimi. Ni kanuni yangu."

Nilimsogezea nafasi, akaketi nami mpaka kengele ya kuona wagonjwa ikalia.

Tangu wiki ile kazi yake ilibadilika. Hafungi kitu kabla hajakitazama kwa siku saba na kumtafuta mwenye nacho kwa miguu, akiwa na daftari lake la jalada jekundu, akiuliza: hiki ni chako, unakifanyia nini, kikizuiwa nani ataumia? Swali la tatu sasa liko kwenye mwongozo wa hospitali, na vijana wanaompokea kazi wanalijua kwa moyo.

Ugonjwa ulioleta maji yale haukuondoka. Alen alifariki Machi mwaka huu. Lakini kati ya Jumanne ile na Machi kuna miezi kumi na mitatu, na ninaijua mmoja mmoja. Alen alivuna plamu zake mara moja zaidi. Alimaliza mlango wa jiko aliokuwa ameuacha nusu kwa miaka miwili. Novemba, binti yetu Loveness alipopata kipaimara, baba yake alikuwa benchi la tatu, na alipoitwa mzazi asimame, alisimama bila kushikwa mkono.

Bwana Shechambo, kwa niaba ya uongozi, wafanyakazi na wagonjwa wa Kwembaru, asante kwa miaka yote hii. Rudi Malindi kwa mkeo, mama Jenoveva, ukiwa na afya, upumzike, maisha yako ya mbele yawe mepesi na marefu. Kosa lile nimeliandika kama ulivyotaka. Na mimi naomba uandike kwenye daftari lako, chini ya kosa hilo, kwamba mwenye mgonjwa alipata miezi kumi na mitatu, na hana deni lolote moyoni.