Maana ya Negetivu

Miezi miwili Matano alikuwa halali ndani kwake. Kikohozi kilipomzidi alihamia kwenye kibanda cha kulindia mazao yasiliwe na nguruwe-mwitu, shambani kwake Kibuta. Mkewe Siwema akimpelekea chakula, anakiweka chini na kurudi nyuma, maana wote wawili waliogopa kifua kikuu. Asubuhi hiyo Matano alitoka hospitalini na karatasi ya majibu ya makohozi, akaenda moja kwa moja kwenye benchi la kahawa la Mwinyijuma, sokoni Kisarawe, akaketi pembeni kabisa. Lukasi, aliyejua kusoma, akaifunua.

— Neno moja tu hapa. Negetivu.

— Ndiyo nini?

Lukasi walimwita Picha, kwa kuwa aliwahi kumbebea kamera Mhindi mmoja mpiga picha, Dar es Salaam.

— Hilo nalijua. Ni kile kioo cha picha kabla haijatoka. Mweusi anaonekana mweupe, mweupe mweusi.

— Sasa mimi nimekuwa Mzungu?

— Mapafu, ndugu yangu! Mapafu ndiyo yamegeuka.

Salumu Betri, fundi wa malori, akaangua kicheko.

— Muongo huyo! Negetivu ni ncha ya betri. Ncha ziko mbili, Matano kabakiwa na moja. Tumtafutie waya tu, atawaka.

— Hawaki, akasema Mzee Husseini Keya, aliyepigana Burma. Kwenye simu ya upepo ya jeshi, negetivu ni hapana. Unaomba maji, negetivu. Unaomba kurudi kwenu, negetivu.

Matano akakiweka kikombe chini. Hapana nini? Hapana dawa? Hapana kupona?

Mzee Husseini akaona amemtisha. Akasogea mpaka bega likagusana na lake.

— Lakini hapana ya hospitali huenda si ya jeshi, mwanangu.

Mwanamke mmoja wa Mbwawa, Laurentia, alikuwa amesimama jirani, kuku wawili mkononi, anangoja lori.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama.

— Niwieni radhi. Daktari alipompa hiyo karatasi, alimwambiaje?

Wote wakamgeukia Matano.

— Yule Mzungu alinishika mkono, akacheka. Akasema, "Wewe kwenda lima."

— Sasa mgonjwa wa kifua kikuu hushikwa mkono, akaambiwa akalime?

Betri akamtazama Picha. Picha akaitazama karatasi.

Matano akainuka, kahawa hajaimaliza. Njia ya Kibuta aliikata karibu anakimbia, na pumzi haikumwishia. Siwema alikuwa uani anapepeta mpunga. Alipomwona anaingia akauweka ungo chini.

— Wamesemaje?

— Negetivu.

— Ndiyo nini hiyo?

— Ndiyo kusema nimerudi nyumbani, akasema Matano, akaketi mkekani kando yake.