Maisha ya Sindano, Bingwa wa Ngumi Saba Aliyeitwa Mwizi

Ndugu, jamaa, majirani, mafundi wenzake, na ninyi wachezaji mliokuja na visanduku vyenu mabegani, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na kabla sijaanza ni vizuri mjue kwamba marehemu alisomewa sehemu kubwa ya maneno haya akiwa hai, wiki mbili zilizopita, akayasahihisha mahali pawili, na alipoulizwa kama tupunguze ukali kidogo kwa kuwa msiba ni msiba, alijibu, "Ongezeni."

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa baba fundi chuma na mama mkunga, akazaliwa kwa kutanguliza miguu, jambo ambalo mama alilikumbusha kila walipokosana, akisema huyu alikuja duniani akipiga teke na hajaacha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, kisha sekondari kuanzia 1988 hadi 1991, akang'ara katika hesabu na kazi za mikono, ingawa mwaka 1990 alisimamishwa wiki mbili kwa kumtwanga mwanafunzi aliyetumbukiza daftari la mdogo wake chooni, na aliporudi aliomba dawati la nyuma ya mwanafunzi yule, akakaa hapo mpaka mtihani wa mwisho bila kumwambia neno, na yule bwana, ambaye leo ni mtu mzima mwenye wajukuu, amekiri mbele yetu jana kwamba hakuwahi kuandika insha nzuri tena.

Januari 1992 aliingia kujifunza kazi katika karakana ya kushona viti vya magari, na kwa mazoea yake ya kubana sindano katikati ya meno huku akivuta ngozi kwa mikono miwili, mafundi walimbandika jina la Sindano, ambalo lilimganda hata likalifuta lile la kuzaliwa. Mlango wa pili kutoka karakana hiyo palikuwa na chumba cha mashine za michezo, na humo ndani ndimo alimokutana na Ngumi Saba, mchezo wa kupigana wenye wapiganaji saba, sita kati yao wenye misuli na mbwembwe, na wa saba bibi kizee mwenye mkongojo, mzito wa kutembea, ambaye hakuna mchezaji aliyemtaka. Yeye alimchukua bibi huyo siku ya kwanza na hakumwacha tena, na alipoulizwa sababu alisema wengine wote watu wameshajifunza kuwakwepa, lakini hakuna anayejiandaa kupigwa na bibi. Ndani ya mwaka mmoja wanaume walikuwa wanaacha zamu zao kwenye foleni wakimwona anaingia na vumbi la sponji nyweleni.

Mwaka 1996 alifungua karakana yake, na tarehe 6 Desemba 1997 alifunga ndoa na fundi bomba, mume aliye hapa mbele yetu, aliyemfahamu kwa kuleta kiti cha gari kilichochanika na kuambiwa, "Kaa hapo, nimalize raundi hii," akakaa, na kwa maneno yake mwenyewe bado amekaa. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1999 na mvulana mwaka 2002.

Machi 1997 alianza kufika karakanani kijana karani wa ghala la vipuri, mchezaji hodari mwenye maneno matamu, ambaye sote tunamjua kwa jina la Mwenyekiti, ingawa wakati huo hakuwa mwenyekiti wa chochote. Mashine zilipoondolewa madukani mwaka 2000 na watu wakahamia kwenye michezo mipya, ni hawa wawili waliookoa Ngumi Saba isife, wakakusanya televisheni zenye mgongo mnene, ambazo hata leo tunazing'ang'ania kwa kuwa kwenye zile bapa pigo huchelewa kuonekana, wakatengeneza visanduku vya mbao vyenye fimbo na vitufe vya kumwongoza mpiganaji, wakaandaa mashindano ya kila mwaka. Kwa miaka sita Mwenyekiti alifanya mazoezi akiwa ameketi juu ya viti vya wateja wa marehemu, akala mezani kwake, na watoto wakamwita mjomba. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu hakuwa nguoni tu, alikuwa na ufunguo wa mlango.

Tarehe 15 Agosti 2003, jioni ya kuamkia fainali, Mwenyekiti alimwomba marehemu kisanduku chake, akisema springi ya fimbo imelegea na anamjua fundi redio atakayeibadilisha, akakirudisha asubuhi kikiwa kimefutwa vumbi. Siku hiyo hiyo wawili hao walikutana fainalini, marehemu akashinda michezo mitano kwa miwili, na watu wakiwa bado wanapiga makofi Mwenyekiti alisimama, akachukua kisanduku kile, akakifungua kwa bisibisi aliyokuja nayo mfukoni, akawaonyesha watu mia mbili kijibao kidogo chenye nyaya mbili, kile ambacho hubonyeza vitufe chenyewe kwa kasi ambayo kidole hakiwezi. Alisema, "Mwaka mzima najiuliza mwanamke huyu anatoa wapi kasi hii. Huyu ni mwizi, jamani." Marehemu alimtazama, akatazama bisibisi, akaelewa yote kwa mara moja, lakini alipofungua kinywa ukumbi ulikuwa umeshaanza kuzomea.

Alifungiwa maisha, ubingwa ukapewa Mwenyekiti, naye kwa ubingwa huo akachaguliwa kuongoza chama cha wachezaji, na picha ya marehemu ikabandikwa mlangoni mwa ukumbi ikiwa na neno moja chini yake. Wateja walimtania kwamba wahesabu misumari ya viti vyao kabla ya kuondoka, binti yake alirudi kutoka chekechea analia, na mawifi walimshauri mume wake aangalie na droo za nyumbani. Mume alisimama upande wake, na familia inamheshimu kwa hilo mpaka kesho.

Marehemu hakugombana na mtu. Alinunua televisheni yenye mgongo, akaiweka chumba cha nyuma cha karakana, na kwa miaka kumi na moja, kila Jumapili alasiri, alicheza humo, kwanza peke yake, na binti yake alipokua akacheza naye, akiwa amemfundisha kucheza kama Mwenyekiti, kwa mpiganaji wake, kwa mbinu zake, kwa kiburi chake. Alitafuta kanda za mechi zote za mtu huyo, akazitazama huku akishona, akaandika katika madaftari ambayo leo tunayo kumi na manane, kwa mwandiko ule ule wa vipimo vya viti: akibanwa pembeni huruka, akiongoza hujisahau, akiogopa hupiga teke la chini mara mbili, la tatu hapigi. Mume alipomwambia aachane na hayo, aliyepita kapita, alijibu kwa upole, "Hajapita, mume wangu, yupo ukumbini na anapigiwa makofi."

Tarehe 22 Novemba 2014, katika sherehe za chama, Mwenyekiti alitangaza jukwaani kwamba yeyote aliye ukumbini anakaribishwa kumjaribu michezo kumi, na marehemu akainuka mstari wa nyuma, umri miaka arobaini, mikono mitupu. Mwenyekiti alisema huyu amefungiwa, naye akajibu, "Umesema yeyote. Nami sikuleta kisanduku, nitatumia chako cha akiba, kifungue kwanza watu wakione." Watu wakacheka, na hapo hakukuwa na njia ya kukataa.

Alimpiga kumi kwa sifuri. Waliokuwepo wanajua kwamba kufungwa si neno lenyewe, kwa sababu marehemu katika kila raundi alimpunguza mpaka akabaki na uhai wa unywele mmoja, kisha akamrudisha bibi yake wa mkongojo nyuma hatua mbili, akasubiri, akazuia kila alichorusha mpaka saa ikaisha na ushindi ukaenda kwa mwenye uhai mwingi, ili ukumbi uwe na muda wa kutosha wa kumtazama. Baada ya mchezo wa saba Mwenyekiti alisema kichwa kinamuuma, tuishie hapo. Marehemu alisema, bila kugeuza shingo, "Kaa. Bado mitatu." Akakaa.

Usiku huo haukuisha kabla chama hakijagawanyika, na Februari 2016 yule fundi redio, akiwa mgonjwa na dhamiri ikimsuta, aliandika barua yenye sahihi na mashahidi wawili, akieleza kijibao kile kiliwekwa na nani na kwa ombi la nani. Kamati ilimrudishia marehemu ubingwa wa 2003, picha ikabanduliwa, Mwenyekiti akajiuzulu kwa sababu za kifamilia, hivyo ndivyo walivyoandika, na hakuna aliyesimama kusema mbele ya watu kwamba marehemu hakuwa mwizi.

Marehemu alianza kuugua figo Juni 2019, akawa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, akiendelea kushona siku zilizobaki. Tarehe 18 Aprili mwaka huu wa 2023 alilazwa, na siku ya nne Mwenyekiti alikuja wodini na mfuko wa matunda, akafunga pazia la kitanda, akasema kwa sauti ndogo kwamba alikosa, anaomba radhi. Marehemu alimwambia, "Fungua hilo pazia. Hukuniita mwizi nyuma ya pazia." Yule bwana alitazama wagonjwa wengine, akashika kofia yake, akaondoka, na matunda wakala wauguzi. Tarehe 9 Mei, saa nne na dakika kumi asubuhi, mumewe na wanawe wakiwa wamemshika mikono, marehemu aliaga dunia akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomvumilia alipokosoa mishono yao, inawashukuru mafundi wenzake waliomaliza kazi za wateja wake bila kuombwa, majirani waliopika, wakafua na kulala nasi, na wachezaji wote, pamoja na ninyi mliomzomea mwaka 2003 na leo mmekuja na vichwa vilivyoinama, viti vipo, kaeni.

Tunamshukuru pia Mwenyekiti kwa kufika. Ni agizo la marehemu kwamba asizuiliwe mlangoni, na kwamba apewe kiti cha mstari wa mbele, hicho alichokalia, ambapo watu wote wanamwona vizuri. Agizo la pili ni kwamba msomaji akimaliza aweke kipaza sauti juu ya meza hii, kikiwa kimewashwa, na jeneza lisiinuliwe kwa dakika tano. Akisimama tutamsikiliza, na hakuna atakayemzomea. Asiposimama, mtakuwa mmeona kwa macho yenu, nasi tutambeba dada yetu.

Sindano, mke, mama, dada, bingwa, umechoka, sasa lala. Pumzika kwa amani.

Kipaza sauti hiki hapa.